UZI: Vipande vya kromosomu vilivyopinduka, jinsi maua ya porini yanavyozoea mahali pao, na unachoweza kukiona kwa hadubini ukiwa Nairobi

#1 · Kongwe_wa_Ngara

Habari zenu wadau. Kuna swali linalorudi kila mara kwenye nyuzi za mimea na kujibiwa nusunusu: kromosomu ikikatika na kuungika vingine, si mmea unapata hasara? Mbona basi maua ya porini yamejaa vipande vilivyopinduka, tena vipande hivyo vinafuata mipaka ya mvua, udongo na mwinuko? Tulijibu hapa kwa kina, na wenye ujuzi wa maabara waongeze hatua za kufuata.

Kwanza tukubaliane maneno. Mpinduko ni kipande kilichokatika pande mbili, kikageuka, kikaungika palepale. Jeni zilizopangika A-B-C-D-E sasa zinasomeka A-D-C-B-E. Mhamo ni kromosomu mbili tofauti kubadilishana vipande vyao vya mwisho. Kuna pia kromosomu mbili kuungana kuwa moja, na moja kugawanyika kuwa mbili. Katika yote haya si lazima jeni hata moja ipotee.

Sasa kiini cha jambo. Mpinduko wenyewe mara nyingi hauleti kitu kipya. Kazi yake kubwa ni kuzuia. Mmea ukiwa na nakala moja ya kawaida na nyingine iliyopinduka, krosova moja (kromosomu mbili za jozi kubadilishana vipande) ikitokea ndani ya kipande hicho huzaa gameti (seli za uzazi) zenye jeni pungufu au zilizorudiwa, nazo hufa. Zinazobaki hai karibu zote ni zile ambazo hazikubadilishana kitu pale. Kwa hiyo aleli (matoleo ya jeni) zote zilizomo ndani hurithiwa kwa pamoja, kama kitita kilichofungwa kamba.

Kamba hiyo ina faida gani? Fikiria ua linaloota kwenye mteremko mkavu, na bondeni kuna jamaa zake wanaopenda maji. Kila msimu nyuki wanapandisha chavua ya bondeni. Aleli ya kuchanua mapema, aleli ya mzizi mrefu na aleli ya jani dogo zikikaa mbalimbali, kila kizazi zinachanganywa na za bondeni na mchanganyiko mzuri unavunjika. Zikiwa ndani ya mpinduko, hazivunjiki. Kirkpatrick na Barton walionyesha kwa hesabu mwaka 2006 kwamba mpinduko unaokamata aleli mbili au zaidi zinazofaa mahali fulani utaenea hapo, mradi aleli za kigeni zinaendelea kuingia. Tena jeni hizo hazihitaji kusaidiana zenyewe kwa zenyewe. Inatosha kila moja ifae pale.

Ukiondoa wahamiaji, yaani aleli hizo za kigeni, faida hiyo inatoweka. Sentensi hii wengi huiruka, na bila hiyo hoja nzima haisimami.

---

#2 · Ndago254

Nadharia imeeleweka, ndugu. Ila mifano ya porini iko wapi? Hesabu inaweza kuthibitisha karibu chochote ukichagua namba vizuri.

---

#3 · Kongwe_wa_Ngara

Mfano ulio imara kuliko yote ni Mimulus guttatus, ua la manjano la magharibi mwa Amerika Kaskazini. Lina sura mbili. Lile la bara huota, huchanua haraka na kufa kabla kiangazi hakijakausha udongo. Lile la pwani, linalonyweshwa na ukungu wa bahari, huishi miaka mingi, hukawia kuchanua na kuweka nguvu kwenye majani na matawi yatambaayo. Lowry na Willis walichapisha mwaka 2010 kwamba tofauti hii imefungamana na mpinduko kwenye kromosomu ya 8.

Nauheshimu utafiti huo kwa sababu hawakuishia kulinganisha DNA. Walivukisha mimea vizazi kadhaa hadi mpinduko wa pwani ukakaa ndani ya mmea ambao sehemu nyingine za jenomu yake (DNA yake yote) ni za bara, na wa bara ndani ya mmea wa pwani. Kisha wakaipanda yote pande zote mbili, mashambani, chini ya mvua na wadudu wa kweli. Mpinduko peke yake ulibadilisha muda wa kuchanua, na ulichangia mmea kufaulu kwao na kushindwa ugenini. Kazi za baadaye zimeuhusisha mpinduko huohuo na kinga ya kemikali dhidi ya wadudu walao majani: sura ya miaka mingi inajilinda zaidi, sura ya haraka inakua na kuondoka.

Kukua, kuchanua na kujilinda, vyote katika kitita kimoja. Hicho ndicho tunachokitafuta.

---

#4 · Alizeti_Kavu

Ongeza alizeti pori. (Kwa wageni: lile ua kubwa la manjano linaloota kando ya barabara kuelekea Kiambu na Limuru ni Tithonia diversifolia. Si alizeti ya jenasi Helianthus, ingawa ni familia moja na watu huyachanganya.)

Todesco na wenzake, mwaka 2020, walisoma DNA ya alizeti pori 1,506 za spishi tatu: Helianthus annuus, H. petiolaris na H. argophyllus. Walipata vitita 37 visivyochanganyika, vyenye urefu wa kati ya besi (herufi za DNA) milioni 1 na milioni 100. Vingi vilifungamana na mabadiliko ya mpangilio wa kromosomu, na vilikwenda sambamba na ukubwa wa mbegu, muda wa kuchanua, hali ya hewa na udongo. Katika H. argophyllus kitita kimoja kinahusiana na tofauti ya siku 77 katika kuchanua. Kwenye matuta ya mchanga ya Great Sand Dunes, Colorado, H. petiolaris ya mchangani imetengana na jirani zake wa nje ya mchanga hasa ndani ya vitita kadhaa vya aina hii, ingawa zinaota karibu na chavua inavuka.

Kwa wakulima wetu kuna mfano wa karibu zaidi. Mahindi ya nyanda za juu za Meksiko yana mpinduko kwenye kromosomu ya 4, wa besi takriban milioni 13, uliotoka kwa nyasi pori ya milimani, Zea mays mexicana. Unahusiana na kuchanua mapema penye baridi. Msikimbilie kusema mahindi ya Kitale nayo yanao. Hilo hupimwa, halikisiwi.

---

#5 · Ndago254

Sawa, hayo nimeyapokea. Ila kuna kitu hakikai sawa. Mmesema gameti zilizobadilishana hufa. Basi mmea chotara, wenye nakala moja ya kawaida na moja iliyopinduka, unapoteza sehemu ya chavua yake kila msimu. Mpinduko unaanzaje, wakati mwanzoni uko kwa mmea mmoja tu na kila mzao wake ni chotara?

---

#6 · Daktari_Sentromia

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye umbo la mpinduko.

Sentromia (sehemu ya kromosomu inayovutwa seli inapogawanyika) ikiwa nje ya kipande, krosova ndani yake hutengeneza kromosomu moja yenye sentromia mbili na kipande kingine kisicho na sentromia. Kwenye anafezi ya kwanza, kromosomu zinapovutwa pande mbili, unaona daraja limenyooshwa kati ya pande mbili za seli, na kipunje kimeachwa katikati. Upande wa chavua, hasara ni ya kweli. Upande wa kike mambo ni tofauti: kwa mimea mingi, chembe nne za meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotoa gameti) hupangika kwa mstari na ni ile ya mwisho peke yake inayoendelea kuwa mfuko wa kiinitete. Daraja huziburuta kromosomu zilizobadilishana zikabaki kwenye chembe za katikati, ambazo zingekufa hata hivyo. Kwa hiyo mbegu hazipungui sana. Na chavua, mmea huwa nayo ya ziada.

Sentromia ikiwa ndani ya kipande, hakuna daraja. Gameti zilizobadilishana zina sehemu zilizorudiwa na zilizokosekana, na hapo mbegu pia hupungua, kulingana na mara ngapi krosova inatokea ndani. Kipande kifupi hakipati krosova mara nyingi, kwa hiyo hasara ni ndogo.

Na mara nyingine mpinduko hulipa gharama na bado ukaenea. Katika Mimulus guttatus kuna mwingine, kwenye kromosomu ya 6, unaopunguza ubora wa chavua lakini unaongeza idadi ya maua. Hesabu ya jumla ndiyo inayoamua.

Mihamo ni mikali zaidi. Chotara wa mhamo mmoja mkubwa, kromosomu nne zikishikana na kugawanyika bila mpangilio maalumu, anaweza kupoteza karibu nusu ya chavua na nusu ya mbegu. Ndiyo maana mhamo huhitaji kijimji kidogo cha mimea michache, au mmea unaojichavusha wenyewe, ili upite kikwazo hicho. Clarkia lingulata ya California ndiyo mfano wa vitabuni: ina n=9 (n ni idadi ya kromosomu kwenye gameti), mzazi wake Clarkia biloba ana n=8, na inaota ukingoni tu mwa eneo la mzazi. Harlan Lewis alijenga juu yake hoja kwamba spishi inaweza kuzaliwa haraka ukingoni kwa kupangwa upya kwa kromosomu. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi kwamba mipangilio mipya hupata nafasi ukingoni. Lakini tofauti ya mpangilio peke yake haikuambii kwamba ndiyo iliyoleta kuzoea ukame.

---

#7 · MamaMiche

Wataalamu, hii yote ni ya Marekani. Mwalimu mwenye hadubini ya shule na wanafunzi 40 hapa Eastlands anaweza kuonyesha nini?

---

#8 · Daktari_Sentromia

Anaweza kuonyesha mengi, mama, tena kwa mmea unaouzwa kwenye vitalu vya miche kando ya barabara. Tafuta Tradescantia spathacea: majani marefu kama upanga, kijani juu na zambarau chini, maua meupe madogo yanayochungulia kutoka vikombe viwili vilivyobanana kama mashua. Asili yake ni kusini mwa Meksiko, Belize na Guatemala, lakini hapa imejaa kwenye bustani za nyumba na ofisi. Nunua iliyo na mashua tayari. Aina fupi sana za kupamba kingo mara nyingi hazichanui vya kutosha.

Mmea huu una kromosomu 12, na zote zimehusika katika mihamo. Badala ya kuona jozi 6, kwenye meiosisi unaona pete moja ya kromosomu 12, au mnyororo wa 12 pale kiungo kimoja kilipoachia. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huu.

Kukata na kuhifadhi. Fika asubuhi, kati ya saa 2 na saa 5. Fungua mashua, toa vichipukizi vya maua na uvipange kwa ukubwa. Vitie kwenye mchanganyiko mpya wa ethanoli isiyo na maji sehemu 3 na asidi asetiki kali sehemu 1. Tumia kimiminika angalau mara 10 ya ujazo wa vichipukizi. Acha saa 24 kwenye joto la chumba, kisha hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70 na uweke ndani ya friji. Mchanganyiko wa jana usiutumie: ethanoli na asidi huanza kugeuzana, na kromosomu zinatoka zimevimba.

Rangi. Changanya mililita 45 za asidi asetiki na 55 za maji, tia gramu 1 ya kamini (unga wa rangi nyekundu), chemsha taratibu kwa dakika 30 hadi 45 mahali penye hewa, poza, chuja. Mvuke wake unachoma macho na mapafu, kwa hiyo usichemshe darasani.

Kusagia. Kila ua lina stameni 6. Toa kifuko kimoja cha chavua, kikague, na vitano vingine vibaki akiba, kwa sababu vifuko vya ua moja huwa katika hatua zinazokaribiana. Kifuko kinachofaa kinapitisha mwanga kidogo. Kikiwa cha manjano umechelewa, tayari ni chavua. Weka kwenye tone la rangi, kipasue kwa sindano ya chuma ya kushonea, siyo ya chuma kisichoshika kutu. Chembechembe za chuma ndizo zinazofanya rangi ishike kromosomu. Ondoa maganda yote, maana ganda moja likibaki kioo cha juu hakilali vizuri. Funika, pasha juu ya taa ya spiriti kwa sekunde chache mara tatu au nne bila kuchemka, weka karatasi ya kuchujia juu na ubonyeze kwa kidole gumba wima. Kioo kikiteleza upande, seli zinaviringika na slaidi imeharibika.

Tafuta kwa lenzi ya 10, thibitisha kwa 40, hesabu kwa 100 yenye mafuta. Ukitaka idumu siku chache, ziba kingo kwa rangi ya kucha.

Unachokitafuta. Kwenye metafezi ya kwanza, kromosomu zinapojipanga katikati ya seli, mnyororo umelala kwa zigizaga: kromosomu ya 1 imeelekea juu, ya 2 chini, ya 3 juu. Zigizaga hiyo ndiyo inayopeleka kundi moja kamili la kromosomu 6 upande mmoja na kundi la pili upande mwingine. Zigizaga ikikosewa, yaani jirani wawili wakaelekea upande mmoja, gameti inakosa kipande na inakufa.

---

#9 · MamaMiche

Asante sana daktari. Na kama tunaona weusi tu, hakuna kromosomu?

---

#10 · Daktari_Sentromia

Inategemea weusi gani.

Weusi kila mahali, hata kwenye maji ya seli: chuma kimezidi. Punguza muda wa kuchokoa kwa sindano, na ingiza tone la asidi asetiki ya asilimia 45 pembeni mwa kioo ili livute rangi ya ziada.

Kiini kimejaa nyuzi kama uzi uliosokotana: ua ni changa mno. Panda kwenye kichipukizi kinachofuata kwa ukubwa.

Seli nne zilizoshikana: umepita meiosisi. Shuka.

Kromosomu zipo lakini zimebanana: hukubonyeza vya kutosha au hukupasha moto. Seli zimepasuka na kromosomu zimetapakaa: umezidisha, na usihesabu chochote kwenye seli hizo.

Kila kitu kimefifia: vichipukizi vimekaa kwenye ethanoli muda mrefu mno, au kamini haikuyeyuka.

---

#11 · chavua_kwa_chavua

Nyongeza kwa shule isiyoweza kufika kwenye meiosisi: hesabu chavua. Chukua ua lililofunguka leo, gusisha vifuko kwenye tone la kamini hiyohiyo, funika, subiri dakika 10. Chavua nzima ni ya mviringo, imejaa na imeshika rangi. Iliyokufa ni tupu, imekunjamana, karibu haina rangi. Tradescantia spathacea inakupa sehemu kubwa ya chavua tupu. Linganisha na Tradescantia nyingine isiyo na pete na tofauti inaonekana wazi.

Hesabu 500 kwa kila mmea, siyo 100. Ukiwa na nusu kwa nusu, chavua 100 zinakuachia kosa la asilimia 10 juu au chini. Chavua 500 zinalishusha hadi karibu 4. Hesabu uwanja wa hadubini kwa mistari kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu chavua tupu ni nyepesi na husukumwa pembeni mwa kioo. Anayehesabu katikati tu atapata mmea wenye afya asiyokuwa nayo.

Tahadhari: kamini inaonyesha kama chavua imejaa ndani, haionyeshi kama itaota. Na chavua mbaya si ushahidi wa mhamo. Joto kali, ukosefu wa maji na dawa za kunyunyizia huua chavua pia. Chukua maua kutoka mimea 3 kwa siku 3 tofauti kabla ya kusema neno.

---

#12 · Ndago254

Hapo umenipeleka kwenye swali langu jingine. Chotara wa spishi mbili akiwa na chavua mbovu, unajuaje tatizo ni kromosomu kutopatana kwa umbo na si jeni zenyewe kugombana?

---

#13 · Kongwe_wa_Ngara

Unazidisha kromosomu mara mbili. Ukimtibu chotara kwa kolchisini akapata seti mbili za kila mzazi, kila kromosomu inapata mwenzake anayefanana naye kabisa. Kama tatizo lilikuwa mpangilio, chavua inapona. Kama lilikuwa jeni kugombana, jeni bado ziko ndani ya seli moja na ugomvi unaendelea.

Stathos na Fishman walifanya hivyo mwaka 2014 kwa chotara wa Mimulus lewisii (ya waridi, inachavushwa na nyuki bambi) na Mimulus cardinalis (nyekundu, inachavushwa na ndege wavumao). Chavua ilipona. Yaani ni mipangilio ya kromosomu yenyewe inayowafanya chotara hao kuwa tasa kiasi.

Kolchisini ni sumu kali. Glavu, miwani, maji yake hayamwagwi sinki, na mwanafunzi wa sekondari asiishike.

---

#14 · Alizeti_Kavu

Twende kwenye DNA, kwa sababu siku hizi mipinduko mingi inapatikana kwenye kompyuta kabla ya hadubini, na hapo ndipo makosa mengi yanatokea.

Dalili ya kawaida: chukua dirisha dogo la jenomu baada ya jingine, fanya PCA (hesabu ya kupanga sampuli kwa kufanana kwake) kwa kila dirisha. Penye mpinduko unaona makundi matatu yaliyotengana: wenye nakala mbili za kawaida, chotara katikati, wenye nakala mbili zilizopinduka. Kundi la kati lazima liwe na uheterozigoti (nakala mbili kutofautiana) wa juu kuliko mengine. Lisipokuwa nao, huenda unachokiona ni ukoo au mchanganyiko wa spishi.

Kosa kubwa ni hili. Maeneo yanayozunguka sentromia hayana krosova nyingi kwa mmea yeyote, na yanatoa picha inayofanana sana na mpinduko. Kutenganisha: chukua kundi moja la pembeni peke yake na upime kama alama zilizo mbalimbali bado zinarithiwa pamoja. Kwenye mpinduko wa kweli, ndani ya kundi moja kromosomu zimepangika sawa, krosova inaendelea kama kawaida, na mshikamano unapungua kadiri umbali unavyoongezeka. Kwenye eneo la sentromia, mshikamano unabaki hata ndani ya kundi moja. Hatua hii ni ya dakika chache na wengi hawaifanyi.

Kisha thibitisha mipaka. DNA ndefu ya usomaji mrefu, kila sehemu isomwe mara 20 hadi 30, jenomu mbili zilizounganishwa kila moja peke yake, kisha programu za minimap2 na SyRI kulinganisha. DNA ndefu inataka upole: usitikise kwa mashine, tumia ncha za pipeti zilizokatwa, chukua majani machanga yaliyowekwa gizani siku moja au mbili ili wanga upungue. Majani ya kukusanya porini kwa kazi ya kawaida yakauke ndani ya jeli ya silika, angalau gramu 10 kwa gramu 1 ya jani. Silika ikibadilika rangi ndani ya saa chache, ibadilishe. Jani likikauka polepole linakuwa la kahawia na DNA imekatikakatika, na kwa kusoma mipaka ya mpinduko hiyo haikusaidii.

Ukishapata mpaka, PCR (kunakili kipande kifupi cha DNA) ya praima tatu (vipande vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) inatosha kupima mamia ya mimea kwa gharama ndogo. A iko nje ya mpaka wa kushoto, B iko ndani karibu na mpaka huo, C iko ndani karibu na mpaka wa kulia, ikielekea nje. Mpangilio wa kawaida unatoa A na B. Uliopinduka unatoa A na C. Pima vipande viwe vya urefu tofauti, mathalani besi 300 na 500, na chotara ataonyesha mistari yote miwili kwenye jeli. Linaloharibika mara nyingi: mpaka uko ndani ya mfuatano unaojirudia kwenye jenomu, na praima inashika mahali 50. Sogeza praima nje hadi upate mfuatano wa kipekee, hata kama kipande kitafika besi 1,500.

---

#15 · MteremkoWaMlima

Na kwetu? Mlima Kenya una Lobelia telekii kwenye miteremko mikavu na Lobelia deckenii keniensis kwenye mabonde yenye maji, na zinavuka. Si ndiyo hali hasa ya nadharia ya #1?

---

#16 · Daktari_Sentromia

Kwa mazingira, ndiyo, inavutia sana. Lobelia kubwa za Afrika Mashariki zina 2n=28 (kromosomu 28 kwa kila seli ya kawaida), na hesabu kutobadilika kusikudanganye: mpinduko haubadilishi hesabu, na mhamo wa kubadilishana pia haubadilishi. Mtu asiseme "28 na 28, basi hakuna kitu".

Tatizo ni muda. L. telekii huishi makumi ya miaka, huchanua mara moja na kufa. Kupanda pande zote mbili na kungoja mbegu ni kazi ya vizazi viwili vya watafiti. Kwa shahada ya uzamili chagua mmea wa mwaka mmoja.

Na usichague kishona nguo kwa sababu kiko kila mahali. Bidens pilosa ina seti nyingi za kromosomu, hesabu inayoripotiwa mara nyingi ni 72, na picha ya makundi matatu ya PCA inavurugika. Ndago na mafunjo nazo ni za familia ambayo sentromia imesambaa urefu mzima wa kromosomu: kipande kikikatika bado kinavutwa na hakipotei. Ndiyo maana familia hiyo ina hesabu za kromosomu zinazotofautiana ajabu. Ni somo zuri sana, ila sheria za daraja na kipunje nilizotoa #6 hazifuatwi huko.

Arabidopsis thaliana inaota pia kwenye milima yetu mirefu, ni ya muda mfupi, na jenomu yake inajulikana kuliko ya mmea mwingine wowote. Kuna mpinduko wake kwenye kromosomu ya 4, wa besi takriban milioni 1.17, unaojulikana tangu zamani. Shida: inajichavusha. Wahamiaji wakiwa wachache, hoja ya kamba ya kitita inalegea. Kwa hiyo anza na mmea unaochavushwa na wadudu, wenye seti mbili za kromosomu, unaotoa mbegu ndani ya mwaka, na unaoota kwenye mazingira mawili yasiyo mbali.

---

#17 · MteremkoWaMlima

Nimeelewa. Kwa jaribio la kupanda pande mbili, kiwango cha chini ni kipi? Na vibali?

---

#18 · Kongwe_wa_Ngara

Vibali kwanza, maana ndivyo vinavyochelewesha. Leseni ya utafiti ya NACOSTI. Ruhusa ya KWS ukiingia hifadhi ya wanyama, ya KFS ukiingia msitu wa serikali. Kibali cha kufikia rasilimali za jenetiki kutoka NEMA chini ya kanuni za 2006, pamoja na ridhaa ya wenye ardhi. Sampuli ikitoka nje ya nchi, hati ya afya ya mimea ya KEPHIS. Kila mmea uliosomwa DNA uwe na sampuli iliyobanwa na kukaushwa, nakala moja ipelekwe hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki pale Museum Hill. Bila sampuli hiyo, siku jina la spishi likibadilika hakuna atakayejua ulipima nini. Na tafadhali, msiagize mbegu za Mimulus mkazipanda nje. Huko Uingereza ua hilo limekwisha kuwa gugu la kando ya mito.

Jaribio lenyewe. Mbegu zilizokusanywa porini usizipande moja kwa moja. Mama aliyelishwa na udongo mzuri hutoa mbegu nzito, na utapima chakula cha mama ukidhani ni mpinduko. Otesha kizazi kimoja kwenye kitalu kimoja kwanza, vukisha mwenyewe kwa mkono, ndipo upande.

Pata chotara wa mpinduko, mvukishe na mwenziwe wa aina hiyo, na miongoni mwa wazao utapata makundi yote matatu kwa uwiano wa 1:2:1 yenye mchanganyiko mwingine unaofanana. Hii ndiyo njia rahisi ya kuutenga mpinduko bila vizazi vingi vya kurudisha nyuma (kuvukisha tena na mzazi mmoja). Ukitumia mzazi mmoja tu wa kila upande, aleli nyingine zilizo jirani na mpinduko zitasafiri nao, kwa hiyo anza na jozi za wazazi 4 au 5 tofauti.

Miche 60 kwa kila kundi kwa kila eneo ni kiwango ninachokiona cha busara kwa tofauti ya wastani. Mabloku 10, kila moja ikiwa na makundi yote yaliyochanganywa kwa kura. Weka lebo za bati, maana wino kwenye plastiki unafutwa na jua la Januari na Februari. Andika kila wiki: hai au amekufa, siku ya ua la kwanza, idadi ya maua, aliyeliwa na nini, na mwishoni mbegu. Kuchanua peke yake si mafanikio. Mmea unaweza kuchanua mapema na kutoa mbegu 3.

Na panda misimu miwili, ya masika na ya vuli. Mvua za vuli zikiwa nyingi kuliko kawaida, eneo lako kavu halikuwa kavu mwaka huo.

---

#19 · Ndago254

Na uwiano wa 1:2:1 usipotoka?

---

#20 · Kongwe_wa_Ngara

Hapo una data, usiitupe. Chotara wakizidi na kundi moja la pembeni likikosekana kabisa, shuku aleli hatari zilizofichwa ndani ya mpinduko: kitita kisichochanganyika hakisafishiki pia, na mzigo hujilimbikiza hadi mwenye nakala mbili anashindwa kuota. Pima mbegu kabla ya kuota, kwa DNA ya kiinitete kutoka mbegu 90 hivi, kisha miche ya wiki 3. Upungufu ukiwepo tayari kwenye mbegu, vifo vimetokea ndani ya tunda au uwiano ulipotoka kwenye gameti. Ukitokea kati ya mbegu na mche, tatizo ni kuota. Rudia kwa kuvukisha chotara na mwenye nakala mbili za kawaida, mara moja chotara akiwa baba na mara moja akiwa mama. Uwiano wa nusu kwa nusu ukivunjika upande wa baba tu, tafuta kwenye chavua, na kamini ya #8 unayo tayari.